Nani Anamsemea Binti Huyu?

Karatasi yenyewe ilikuwa ndogo, ya kukunjwa kiganjani. Miongoni mwa Wayahudi wa Kihasidi, mwenye haja haendi kwa rebbe wake, yaani kiongozi wake wa kiroho, mikono mitupu. Hubeba kikaratasi kiitwacho kvitl, kilichoandikwa jina lake na jambo lake, na rebbe hukisoma kabla ya kufungua kinywa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, katika mji wa chemchemi za tiba wa Marienbad, huko Bohemia, mwanamume mmoja kutoka Kraków alimpelekea rebbe wa Belz kikaratasi cha namna hiyo. Hakuomba mali wala uponyaji. Aliandika kwamba dada yake anataka kuwaongoza mabinti wa Kiyahudi katika njia ya Torati. Rebbe Yissachar Dov Rokeach akajibu kwa maneno machache tu ya Kiyidi, yenye maana ya heri na baraka.

Dada huyo, aliyekuwa amefuatana na kaka yake, aliitwa Sarah Schenirer. Alikuwa fundi wa nguo za wanawake, mwenye umri wa miaka thelathini na kitu, hana mtoto, na ndoa yake ya kwanza ilikuwa imevunjika. Kaka huyohuyo alipoambiwa mara ya kwanza kuhusu mpango wa shule alimcheka. Sasa ndiye aliyemwandikia.

Kikaratasi kile kinafaa kuitwa barua ya kwanza ya mapendekezo katika historia ya vyuo vya dini vya mabinti wa Kiyahudi wa Kiothodoksi. Yeyote aliyewahi kupanga foleni kwa mwenyekiti wa mtaa ili apate barua ya utambulisho anaijua hali hiyo. Akili unazo, nia unayo, vyeti vimo kwenye bahasha, lakini hupiti mpaka mtu anayeaminika aandike kwamba anakufahamu. Kwa mabinti wa Kraków mzigo ulikuwa mara mbili, maana chuo chenyewe kilihitaji wa kukisemea kabla wao hawajasemewa.

Kraków ya wakati ule ilikuwa katika jimbo la Galicia, chini ya dola ya Austria na Hungaria. Elimu ya lazima ilikuwa imetungiwa sheria tangu mwaka 1869. Familia za Kihasidi ziliikwepa kwa upande wa wavulana: mtoto wa kiume alipelekwa heder, yaani chuo kwa ile maana ya zamani ya watu wa pwani, mahali pa kukaa mbele ya mwalimu na kitabu cha dini tangu utotoni. Wasichana hawakuwa na chuo chao. Marabi wengi waliishika kauli ya Rabi Eliezer katika Talmudi, aliyeonya dhidi ya kumfundisha binti Torati, na kauli ya Ben Azzai, aliyeona kinyume chake katika mjadala huohuo, haikupewa uzito.

Basi binti akaenda shule ya serikali. Huko alisoma Kipolandi na Kijerumani, akakariri mashairi, akapenda riwaya na tamthilia. Jioni alirudi kwa baba na kaka waliozungumza Kiyidi na kuinamia vitabu vya Kiebrania ambavyo yeye hakuwahi kufundishwa kuvisoma kwa kuvielewa. Waliketi meza moja, na kila mmoja alikuwa na dunia yake.

Mwishoni mwa mwaka 1899 binti wa familia tajiri ya Kihasidi mjini humo, Michalina Araten, alitoroka nyumbani akaingia katika nyumba ya watawa wa Kikatoliki wa shirika la Felician. Baba yake alihangaika kwa polisi na mahakamani, akafika mpaka mbele ya Kaisari Franz Joseph, na binti hakurudi. Habari zake zilijaa magazetini. Wala hakuwa peke yake: kati ya Wayahudi waliobatizwa Kraków katika miongo ile, wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Marabi walipokutana katika mji huohuo mwaka 1903, Rabi Menachem Mendel Landau wa Zawiercie alisimama akashauri zianzishwe shule za dini za wasichana. Wenzake walikataa. Walikuwa wakiwalilia mabinti waliopotea, na bado hawakukubali kuwafungulia darasa waliobaki.

Sarah Schenirer, aliyezaliwa mwaka 1883, alikuwa na miaka 16 wakati Michalina alipotoroka. Baba yake alikuwa mfuasi wa Belz. Shuleni wenzake walimtania kwa kumwita Mhasidi, maana alipenda dini kuliko michezo. Baada ya masomo ya msingi alikaa kwenye cherehani, na usiku akasoma maandiko kwa tafsiri za Kiyidi. Kazi ya ushonaji ilimfunza jambo ambalo halikuwahi kumtoka. Wateja wake, mabibi wa Kiyahudi, walikuja wakijua barabara wanachotaka: mkono ukae hivi, kiuno kibane vile, pindo lisivuke hapa. Kwa nguo za mwili walikuwa wapimaji hodari. Alijiuliza nani anayezipima roho zao.

Jibu lilimjia ukimbizini. Vita vilipozuka mwaka 1914 familia yake ilikimbilia Vienna, na huko, siku za Hanuka, alimsikia Rabi Moshe Flesch akihubiri juu ya Yudithi, yule mwanamke shujaa wa kale. Flesch alifuata mafundisho ya Samson Raphael Hirsch wa Frankfurt, ambaye tangu mwaka 1853 alikuwa na shule iliyowapokea hata wasichana. Kwa mwanamke aliyetoka Galicia, kumwona rabi mwenye ndevu na heshima zake akizungumza na wanawake juu ya Maandiko kwa undani ule kulikuwa mshangao. Alirudi Kraków akiwa na madaftari yaliyojaa maelezo ya hotuba.

Alianza na wasichana wakubwa, akawafanyia mihadhara na maktaba. Walisikiliza kwa adabu, wengine wakitabasamu pembeni. Akaona hao wameshakomaa mbali naye, akageukia watoto. Mwaka 1917 alifungua darasa la wasichana 25. Hakuna binti kati yao aliyeletwa na barua ya rabi. Mama zao walimjua fundi wao, wakamwamini kwa watoto kama walivyomwamini kwa nguo.

Shule ile ilipewa jina Beis Yaakov, yaani nyumba ya Yakobo, maneno yanayopatikana katika sura ya 19 ya kitabu cha Kutoka. Wafasiri wa Kiyahudi husema tangu zamani kwamba maneno hayo yanawahusu wanawake, ambao Musa aliagizwa kuzungumza nao kwanza pale Sinai. Jina hilo lenyewe lilikuwa hoja.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio kuliko uwezo wake. Aguda, chama cha Wayahudi Waothodoksi kilichoundwa Katowice mwaka 1912, kiliipokea shule yake, na mwaka 1923, katika mkutano wake mkuu wa Vienna, kikaichukua harakati nzima chini ya mwavuli wake. Mwaka huohuo gazeti la harakati likaanza kutoka Łódź chini ya Eliezer Gershon Friedenson. Miji ikawa inaomba shule. Schenirer alipanda treni, akazungumza na akina mama, akaacha darasa nyuma yake, kisha akarudi Kraków kutafuta wa kulifundisha. Walimu wake wa mwanzo walikuwa wanafunzi wake wenyewe, baadhi yao wangali watoto kabisa, wanaingia mji mgeni na kukabidhiwa darasa la watoto ambao hawajawapita sana umri.

Hali hiyo isingedumu bila chuo cha ualimu, yaani seminari. Dk. Leo Deutschländer wa Vienna, mtu wa Aguda mwenye elimu ya chuo kikuu, ndiye aliyekipa mpangilio. Alitafuta fedha, akatunga mitaala, akaandaa kozi za kiangazi katika vijiji vya milimani kusini mwa Poland. Kutoka Frankfurt akaja mwalimu kijana, Judith Rosenbaum, baadaye Judith Grunfeld. Yeye alikuwa na nia ya kwenda kufundisha Palestina, lakini Jacob Rosenheim, rais wa Aguda, alimgeuza njia akampeleka Kraków. Hata mwalimu, basi, aliingia kwa mkono wa mtu.

Je, wanafunzi wa seminari ya Kraków walipatikanaje? Binti hakujipeleka mwenyewe. Alitoka mji mdogo wenye soko, kisima na sinagogi, ambako kila mtu alimjua baba yake. Ilibidi wawepo watu wa kumsemea: rabi wa pale, wazee wa Aguda, au mwalimu wa Beis Yaakov aliyemfundisha tangu akiwa mdogo. Hapa barua ya mapendekezo ilikuwa na kazi mbili, na ya pili ndiyo iliyokuwa kubwa. Ilikieleza chuo kwamba msichana huyu ana akili, ana tabia, anatoka nyumba ya dini. Vilevile iliufunga mji uliomtuma. Rabi aliyetia saini kwamba binti fulani anafaa kwenda Kraków kusoma Torati na maoni ya wafasiri alikuwa ametamka hadharani kwamba jambo hilo ni halali. Kila barua ilikuwa kura moja katika mjadala ambao mkutano wa mwaka 1903 ulikataa hata kuuanza.

Na mjadala ulikuwa mkali. Rebbe wa Munkács, Chaim Elazar Spira, aliipinga Aguda pamoja na shule zake. Rebbe wa Gur, Avraham Mordechai Alter, aliyekuwa na wafuasi wengi mno Poland, aliunga mkono. Katika mji wa Frysztak, wapenzi wa shule walipokabiliwa na wasiwasi wa majirani, walipata utetezi ambao haukuwa na mfano. Mwanzoni mwa mwaka 1933 Rabi Yisrael Meir Kagan, maarufu kwa jina la kitabu chake, Hafetz Hayim, mzee aliyevuka miaka 90 na kuheshimiwa na pande zote, aliwaandikia barua. Aliwaambia kwamba kila mcha Mungu ampeleke binti yake katika shule hiyo, na kwamba hofu za katazo la kale hazina nafasi katika nyakati hizi. Mzee alifariki mwezi wa Septemba mwaka huohuo. Barua yake haijaacha kunukuliwa. Frysztak palikuwa mahali padogo, lakini maneno yale yalisomwa kila mji uliokuwa na baba mwenye kusitasita.

Maisha ya seminari yenyewe yalikuwa ya kubanana. Miaka ya mwanzo wasichana walilala wakisongamana katika vyumba vya kupanga, na mwalimu wao waliyemwita Frau Schenirer akiishi nao kama mama. Jiwe la msingi la jengo jipya, katika mtaa wa Stanisława namba 10, liliwekwa mwaka 1927, na mwaka 1931 wakahamia. Walisoma vitabu vya Musa pamoja na wafasiri, Zaburi, maandiko ya Hirsch, malezi na saikolojia, na Deutschländer akawafundisha fasihi ya Kijerumani. Talmudi haikufundishwa, mpaka huo haukuvukwa. Lakini msichana aliyeondoka kwao akiwa hajui kufungua kitabu cha dini alirudi akiwa na uwezo wa kukisomesha. Ndiyo maana wengine walikuja kutoka hata nje ya Poland.

Schenirer alifariki kwa saratani tarehe 1 Machi 1935, akiwa ameshawaandikia wanafunzi wake barua ya kuwaaga. Kufikia miaka hiyo shule za Beis Yaakov nchini Poland zilikuwa zimepita 200, na katika muongo huo wanafunzi wakapita 35,000. Yehuda Leib Orlean alishika uongozi wa seminari mpaka Wajerumani walipovamia mwaka 1939. Baada ya hapo masomo yakawa ya siri, ya vyumbani, ya watu wachache kwa wakati. Makaburi alikozikwa Schenirer yalimezwa na kambi ya mateso ya Płaszów, na mawe ya makaburi yakavunjwavunjwa. Orlean hakusalimika, na wengi wa walimu na wanafunzi wake wakaangamia katika kambi za mauaji.

Mwaka 1945, katika kambi ya wakimbizi ya Bergen-Belsen, kando ya kambi ileile ya mateso, manusura walifungua Beis Yaakov tena. Inafaa kutua hapa. Nani angemsemea msichana wa Bergen-Belsen? Rabi wa mji wake alikuwa ameuawa. Baba, mama, wazee wa Aguda, mwalimu aliyemjua utotoni, wote walikuwa wamekwenda, na mara nyingi mji wenyewe haukuwa na Myahudi hata mmoja. Aliyebaki kumshuhudia ni msichana mwenzake aliyelala naye ubao mmoja kambini na kuona jinsi alivyougawa mkate wake. Darasa likaanza hivyo, bila barua, kama lilivyoanza lile la watoto 25 kwa fundi wa nguo.

Wahitimu wa Kraków waliotoka mapema waliibeba mbegu ng'ambo. Vichna Kaplan alifika Marekani mwishoni mwa miaka ya 1930, akaanza kufundisha wasichana wachache kuzunguka meza ya chakula nyumbani kwake Williamsburg, Brooklyn, na kutoka kwenye meza hiyo zikatoka shule ya sekondari na seminari. Judith Grunfeld alikuwa ameolewa Uingereza, ambako wakati wa vita aliongoza mamia ya watoto wa shule yake waliohamishwa London hadi kijiji cha Shefford. Kaskazini zaidi, Gateshead, Avrohom Dov Kohn alianzisha mwaka 1944 chuo cha kufundisha walimu wa kike wa Kiyahudi ambacho kimepokea wasichana wa nchi nyingi.

Mabadiliko makubwa yalitokea Bnei Brak, karibu na Tel Aviv. Katika miaka ya 1950 Rabi Avraham Yosef Wolf aliongoza seminari yake huko kwa wazo jipya: binti asome ualimu ili mshahara wake uiendeshe nyumba na mume aendelee kusoma Talmudi. Wazo hilo lilienea mpaka likawa desturi ya jamii nzima. Seminari, iliyokuwa imeanzishwa ili kumwokoa binti aliyekuwa akipotea, ikawa kituo ambacho kila binti mwema sharti akipitie. Na kwa kuwa ndoa katika jamii hiyo hupangwa kwa washenga, swali la wapi amesoma seminari likaingia katika maswali ya mwanzo ya posa.

Hapo barua ikabadilika tabia. Huko Marekani, msichana wa Kiothodoksi anapokaribia kumaliza sekondari hutuma maombi katika seminari za Jerusalem kwa mwaka mmoja wa masomo. Walimu na mkuu wa shule humwandikia mapendekezo, kisha husailiwa. Mojawapo ya seminari zilizotamaniwa sana iliongozwa kwa miongo mingi na Bruria David, binti wa Rabi Yitzchok Hutner na mwenye shahada ya udaktari ya chuo kikuu cha Columbia, aliyefariki mwaka 2023. Waombaji ni wengi kuliko viti, kwa hiyo neno la mwalimu lina uzito mkubwa. Mwalimu mwenye moyo humwandikia mwanafunzi mpole asiyeonekana darasani na kumfanya aonekane. Barua hiyohiyo, ikiandikwa kwa ubaridi, humfungia njia binti wa miaka 17 pasipo yeye kujua kilichoandikwa. Zamani chuo kilimwomba rabi amtoe binti. Sasa binti ndiye anayeomba, na karatasi iliyokuwa ikimvuta ndani inaweza pia kumzuia nje.

Nchini Israel mzuio huo una historia chungu. Kwa miaka mingi wazazi wenye asili ya Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, Wasefaradi, wamelalamika kwamba shule na seminari za mfumo huu huwapangia mabinti wao nafasi chache, hata wakiwa na alama nzuri na mapendekezo ya marabi wao. Lililoipeleka aibu hiyo mbele ya taifa zima lilitokea katika shule ya msingi ya Beis Yaakov ya Emmanuel, makazi ya Waisraeli katika Ukingo wa Magharibi. Mwaka 2007 mkondo wa Kihasidi ulitengwa na wenzao, ukuta ukawekwa kati, ua ukagawanywa. Wazazi wa mkondo huo walisema kipimo chao ni uchaji wala si asili, na kwamba wamo Wasefaradi kati yao. Walalamikaji walisema ukuta unajieleza wenyewe, na ni vigumu kutokubaliana nao. Mahakama Kuu iliamuru mwezi wa Agosti mwaka 2009 kwamba utengano uondolewe.

Wazazi hawakutii, wakawaweka mabinti zao nje ya shule. Mwezi wa Juni mwaka 2010 akina baba wakaenda gerezani, wakisindikizwa na maandamano ya makumi ya maelfu ya watu Jerusalem na Bnei Brak, wengi wakiimba. Siku kumi baadaye mwafaka ulifikiwa na wakaachiliwa. Mwaka wa shule ulikuwa umebakiza siku tatu. Walikubaliana kwamba kwa siku hizo tatu wasichana wa pande zote mbili waketi pamoja.